Mashini kongwe za useremala za fonti (chuma cha kumiminwa): kuzitoa rangi kwa soda, kwa umeme au kwa mchanga, na rangi gani ipakwe

Mtu akiniletea degoshise ya zamani, yaani randa ya mashini ya kunyooshea mbao, neno lake la kwanza huwa rangi. “Papa, tuipake kijani ama majivu?” Mimi namuuliza: itaanza kazi lini, na itakaa wapi? Rangi mpya ni jambo la mwisho. Kabla yake kuna uamuzi mgumu zaidi, wa namna ya kutoa rangi ya zamani na kutu bila kuijeruhi mashini, na hapo ndipo mafundi wengi hapa Lubumbashi wanapoteza chuma kizuri ambacho hakitatengenezwa tena.

Mashini hizi zilikuja na reli, na migodi, na shule za ufundi za wamisionari. Reli ilifika hapa mwaka 1910, mwaka uliofuata tanuru likaanza kutoa shaba, na kila karakana ilihitaji useremala: mabehewa, milango, madawati, kalibu za mbao za kumiminia chuma. Ukibahatika kwenye mitraye (vyuma chakavu) utakuta jina limemiminwa kwenye ubavu wa mashini: Guilliet wa Auxerre, Danckaert wa Bruxelles, Wadkin wa Leicester. Watu wa mitraye wanazinunua kwa kilo. Sisi maseremala tunapaswa kuwawahi.

Nimejaribu njia karibu zote katika atelie (karakana) yangu ya Katuba, hapahapa Lubumbashi. Naziweka hapa moja kando ya nyingine, na nasema wazi ninayoichagua.

Kwanza ijue fonti

Fonti si chuma cha kawaida. Ina kaboni kati ya asilimia 2 na 4, na sehemu kubwa ya kaboni hiyo imekaa ndani yake kama vipande vidogo vya grafiti. Vipande hivyo ndivyo vinavyomeza mtetemo. Ndiyo maana msumeno wa mkanda wenye fremu ya fonti unapasua mbao ngumu ya mulombwa mkavu bila kutikisika, huku mashini mpya ya bati lililokunjwa inacheza sakafuni. Lakini grafiti hiyohiyo inaifanya fonti iwe kama sahani: haipindi, inapasuka.

Kwa hiyo kabla ya kununua hata kopo moja la rangi, gonga. Ning’iniza kipande kwa kamba, au kiweke juu ya ubao, ukiguse kwa nyundo ndogo. Fonti nzima inalia kama kengele na sauti inakaa kidogo. Yenye ufa inatoa sauti fupi, imekufa palepale. Rangi nzito ya miaka 60 inaficha ufa vizuri sana, ila sauti haiwezi kuificha.

Halafu angalia shafti inazungukia nini. Mashini nyingi za kabla ya vita vya pili hazina beringi za gololi. Zina madini laini meupe, mchanganyiko wa bati au risasi na antimoni, ambayo mafundi wetu wanaita reguli. Alizianzisha Mmarekani Isaac Babbitt mwaka 1839, na zikitiwa mafuta zinadumu kuliko mwenye mashini. Adui yao ni wawili: mchanga na moto. Shika maneno hayo mawili, yatarudi.

La tatu, kwangura kwa kisu mahali padogo uhesabu tabaka. Juu unaweza kukuta kijani, chini yake majivu, na chini kabisa nyekundu ya machungwa. Hiyo ya chini usiichezee. Wazee walikuwa wanaweka minio kama rangi ya kuzuia kutu, na minio ni oksidi ya risasi. Mashini yoyote iliyopakwa kabla ya miaka ya 1980 mimi naihesabu kuwa ina risasi, bila ubishi. Vumbi la risasi linaingia kwenye damu, na linaumiza watoto zaidi ya wakubwa: akili na masikio yao. Katika uwanja ambamo watoto wanacheza na mama anaanika unga, hesabu hii inabadilisha njia unayochagua.

Moto: hapana

Nitaisema haraka kwa sababu haina ulinganisho. Miaka iliyopita nilimpelekea fundi mmoja wa kuchomelea fremu ya msumeno wa mkanda, nikamwomba anitolee rangi tu. Akaiweka juu ya makaa, akapuliza. Nilipofika, rangi ilikuwa imetoka kweli. Lakini chini ya fremu, juu ya udongo, kulikuwa na matone meupe yaliyoganda kama nta ya mshumaa. Ilikuwa reguli ya beringi ya chini; inaanza kuyeyuka kwenye nyuzi 240 hivi. Na mguu mmoja, ule uliokuwa karibu na makaa, ulikuwa na ufa mwembamba kama unywele kutoka tundu la bolti hadi ukingoni. Upande mmoja ulipata moto, upande mwingine ukabaki baridi, fonti ikapasuka. Tena, risasi ya rangi ile iliondoka na moshi, na sisi sote tulikuwa tumesimama hapo.

Brosi ya chuma dhidi ya mchanga

Brosi ya chuma kwenye grinda ndiyo inayochaguliwa na wengi, kwa sababu grinda iko tayari na kazi inaonekana mara moja. Kwa vipande vidogo vyenye kutu ya juujuu, inafaa. Kwa rangi nzito, naikataa. Inatupa vumbi la risasi hewani, na kwenye vishimo vya kutu inapita juu tu: inaing’arisha kutu mpaka ionekane kama chuma, halafu baada ya misimu miwili ya mvua rangi mpya inavimba palepale. Nyuzi za brosi nazo zinaruka. Vaa miwani, na nguo isiyo na uzi unaoning’inia.

Sablaji, yaani kupuliza mchanga kwa hewa ya kompresa, inafanya kwa saa moja kazi ambayo brosi inafanya kwa siku mbili, na inaacha uso mkavu wenye ukwaru ambao rangi inaushika vizuri. Kwa kifuniko, mguu au gurudumu lililofunguliwa kabisa, hakuna njia ya haraka kuliko hiyo. Ila mchanga wa mtoni una silika, na vumbi la silika linaharibu mapafu bila kurudi. Kitambaa cha mdomoni hakizuii chochote. Kuna aliyeniuliza kama slagi ya mlima wetu, yaani mabaki ya tanuru la shaba, ingefaa badala ya mchanga. Slagi ile imebeba kobalti na zinki, si vumbi la kuvuta. Na kuna lile neno la kwanza, mchanga na reguli: chembe chache zikibaki ndani ya tundu la mafuta, shafti itasagika. Atakayechagua sablaji afungue kila kitu, azibe kila tundu kwa mbao, afunike meza na kila uso uliochongwa kwa mpira mzito, na atumie chembe zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Mara nyingi gharama ya maandalizi hayo inaizidi faida ya haraka.

Soda ya sabuni dhidi ya umeme

Hapa ndipo penye uchaguzi wenyewe, na hapa nakaa.

Soda kostiki haihitaji kutafutwa mbali. Wamama wanaopika sabuni kwa mafuta ya mawese wanaijua kuliko mimi. Ukweli ni kwamba inafanya kwenye rangi kazi ileile inayofanya kwenye mawese. Rangi za zamani zilishikwa na mafuta ya mbegu, na soda inayageuza mafuta hayo kuwa sabuni, ndiyo maana rangi inalegea na kuoshwa kwa maji. Mama mmoja aliyeniuzia alitazama ubavu wa mashini niliyokuwa nayo kwenye kigari, akasema: “Papa, hii utaisugua kama sufuria.” Alisema kweli.

Mimi naweka gramu 100 hadi 150 kwa lita moja ya maji baridi, kwenye ndoo ya plastiki. Soda ndiyo inamwagwa ndani ya maji, polepole. Ukimwaga maji juu ya soda yatachemka na kukurukia usoni. Kisha nakoroga unga wa muhogo kidogo kidogo mpaka uwe uji mzito. Wanga ukikutana na soda unanata wenyewe, na uji huo unashika kwenye ubavu uliosimama bila kuchuruzika. Naupaka unene wa kidole, nafunika kwa plastiki usikauke, naondoka. Kesho yake asubuhi nakwangua kwa kibao. Rangi inatoka kama ngozi ya ndizi iliyoiva, tabaka zote tatu pamoja, na herufi za jina zinatokea moja baada ya nyingine zikiwa na kingo kali kama siku zilipotoka kwenye kalibu. Brosi ya chuma ingezila hizo kingo.

Uzuri wa soda: haiumizi fonti hata ikikaa wiki, haitoi vumbi, na ukubwa wa mashini si shida. Ubaya wake: inachoma ngozi na inaweza kupofusha, kwa hiyo glavu ndefu za mpira, miwani iliyofungwa na ndoo ya maji safi karibu. Inakula alumini, basi fungua kwanza vipini na vifuniko vya alumini. Haiondoi kutu. Na rangi za kisasa za dawa mbili (rangi na kigumu chake), kama epoksi, haizitikisi sana. Uji uliotolewa una risasi ndani yake: naukusanya kwenye plastiki, siumwagi kwenye mfereji wala karibu na shamba la matembele.

Baada ya kukwangua, osha kwa maji mengi, kisha pitisha maji yenye siki kidogo, uoshe tena. Usipofanya hivyo, soda iliyobaki kwenye vinyweleo vya fonti itaigeuza rangi yako mpya kuwa sabuni. Nimeona rangi nzuri ikitoka kama ganda baada ya miezi mitatu kwa sababu hiyo tu.

Umeme ni dawa ya kutu. Unachukua pipa la plastiki, maji, na magadi ya kufulia, kijiko kikubwa kimoja kwa kila lita 4. Kipande chako unakining’iniza katikati kwa waya wa hasi wa chaja ya betri ya volti 12. Waya wa chanya unaufunga kwenye nondo zilizosimama kando ya pipa, zisigusane na kipande. Ukikosea ukabadilisha waya, mashini yako ndiyo italiwa, siyo nondo. Mapovu yanapanda, kutu inageuka tope jeusi linalosuguliwa kwa brashi ya nailoni, na chuma kizima chini yake hakipungui hata kidogo. Mara nyingi rangi nayo inalegea yenyewe.

Mambo mawili ya hatari. Mapovu yale yana haidrojeni, kwa hiyo pipa likae nje, pasiwe na sigara wala makaa karibu. Na nondo iwe chuma cha kawaida: usiweke vijiko wala mabomba ya chuma kisichoshika kutu, kwa sababu kromi yake inaingia kwenye maji ikiwa sumu mbaya. Chumvi ya mezani nayo isiwekwe, inatoa klorini.

Umeme ukikatika, na sisi tunajua unavyokatika, hakuna kinachoharibika. Maji ya magadi hayaleti kutu, kipande kinangoja. Hata betri ya sola inafanya kazi hiyo. Siki iko kinyume: kipande kikilala humo saa 24 kinatoka safi, kikisahaulika wiki nzima fonti yenyewe inaliwa na kuwa laini kijuujuu kama penseli. Kwa bolti na skrubu siki inanitosha. Kwa kitu chenye uso uliochongwa, sitaki.

Basi nachagua hivi: fremu, miguu na kila kisichoingia kwenye pipa ni soda, magurudumu madogo, vipini, vishikio na skrubu za kupandishia meza ni umeme. Nikilazimika kubaki na moja tu, nabaki na soda, kwa sababu uzito mkubwa wa mashini uko kwenye fremu.

Rangi: ya mafuta kwa brashi dhidi ya dawa mbili kwa pistole ya kupulizia

Vijana wengi siku hizi wanapeleka mashini kwa wapaka magari. Inarudi inang’aa kama kioo. Rangi ile ya dawa mbili ni ngumu, haiogopi petroli wala diliani ya kuzimulia rangi, na inakauka siku hiyohiyo. Sikatai uzuri wake. Lakini nina sababu tatu za kutoichagua.

Kigumu cha rangi nyingi za aina hiyo kina isosianati, ambayo inaleta pumu inayoweza kukaa na mtu maisha yake yote. Inataka barakoa yenye hewa yake, si ile ya karatasi. Ya pili ni baridi yetu. Epoksi nyingi hazikauki sawasawa chini ya nyuzi 10, na usiku wa Juni na Julai hapa unashuka chini ya hapo. Ya tatu ndiyo kubwa kwangu: mashini ya kazi itagongwa. Ubao utadondoka, ufunguo utateleza. Rangi ya mafuta unaigusa tena kwa brashi, na baada ya mwezi huoni kiraka. Ile ya dawa mbili kiraka chake kinaonekana daima, na wengi wanaacha kidonda wazi mpaka kutu inaingia chini yake.

Rangi ya mafuta ina uvivu wake. Unaigusa haikushiki baada ya saa kadhaa, lakini kuwa ngumu kweli inachukua wiki, wakati mwingine mwezi. Usifunge bolti juu yake siku ya pili, utaikunja. Tabaka mbili nyembamba zinashinda moja nene. Ile nene inakauka juu na kubaki mbichi chini.

Chini yake lazima iwepo rangi ya kuzuia kutu, na iwekwe siku ileile fonti ilipooshwa na kukaushwa. Fonti iliyo uchi katika mwezi wa Januari inageuka rangi ya chungwa kabla hujamaliza chai. Na kuna jambo ambalo wengi hawalioni: fonti nene inabaki baridi asubuhi wakati hewa imeshapata joto, na unyevu unaikalia kama jasho kwenye chupa ya maji ya friji. Iguse kwa kiganja kabla ya kufungua kopo. Mimi napaka kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, na mwezi ninaoupenda ni Mei: mvua imekwisha, baridi haijakaza, na vumbi jekundu la Agosti bado halijaamka. Nikichelewa hadi Agosti namwaga maji sakafuni kwanza.

Rangi ya maji sitaisema sana. Juu ya fonti tupu inaamsha kutu palepale. Ya unga inataka tanuru la nyuzi 180 hadi 200, na vinyweleo vya fonti vinapumua humo na kuacha vishimo. Makopo ya kupulizia yanafaa kwa kipini, si kwa fremu.

Usishangae ukikuta fremu ina mabonde chini ya rangi. Viwanda vyenyewe vilikuwa vinajaza masitiki juu ya fonti kabla ya kupaka, ili ionekane laini. Masitiki ya wapaka magari inafanya kazi hiyo leo. Mimi najaza pale tu ambapo vumbi la mbao litakaa. Mengine naacha yaonekane yalivyomiminwa.

Meza haipakwi

Uso wa meza, ngoma ya visu na reli za kutelezea hazipakwi chochote kinachokauka. Kutu yake naitoa kwa wembe mpana na petroli ya taa (mafuta ya taa), kisha karatasi ya msasa namba 320 iliyofungwa kwenye kipande cha mbao kilichonyooka. Grinda isikanyage hapo kabisa, mara moja tu inachimba shimo ambalo kila ubao utalirudia. Kisha nta ya nyuki wa miombo, iliyoyeyushwa na terebentini kidogo mbali na moto wa wazi, isuguliwe mpaka mkono uteleze. Usitumie dawa yenye silikoni: inahamia kwenye mbao, na vanishi inakimbia ikiacha vishimo vya duara kama macho ya samaki.

Ukiwa na haraka

Si kila mashini inastahili yote haya. Kama rangi ya zamani imeshika, haivimbi, na mteja anangoja milango, ioshe kwa maji ya sabuni na petroli ya taa, paka nta mezani, badilisha mafuta, anza kazi. Rangi ya zamani yenye risasi iliyoshika vizuri haina madhara kama ile iliyokwanguliwa vibaya. Kijana mmoja aliniletea randa ya mashini ya namna hiyo akitaka ing’ae. Nikamwambia: “Mtoto wangu, hii imekaa vizuri kuliko utakavyoipaka.” Aliiosha tu. Inafanya kazi mpaka leo ikiwa na majivu yake ya zamani.

Kwa wale wanaopaka, na bado wanauliza kijani ama majivu: fungua kibao cha jina. Chini yake mara nyingi imebaki rangi ya kwanza ambayo jua na mafuta havikuifikia. Peleka kipande hicho kwa muuza rangi wakuchanganyie kwa kuangalia, mchana, nje ya duka. Omba nusu lita ya ziada, uiweke kwenye chupa iliyojaa hadi mdomoni, kwa sababu hewa ikibaki juu rangi inafanya ngozi. Mimi naiweka chini ya mashini yenyewe, pamoja na brashi moja ndogo.